Namna ya Kuipima Roboti ya Kugeuka Iliyobadilishwa Rangi Kabla ya Kuinunua

Anayenunua kanga Biashara Street, Mombasa, anajua kwamba mchoro mmoja, wenye jina moja, hutolewa kwa rangi nne au tano, na hakuna mama atakayekubali kuambiwa kwamba ile nyekundu ni kanga nyingine kabisa na ile ya kijani. Huikunjua doti, hukishika kitambaa, hutazama kama pindo limenyooka, na baada ya hapo ndipo huchagua rangi. Roboti za kugeuka, zile zinazokunjwa na kukunjuliwa mpaka lori likawa askari, huuzwa kwa utaratibu huo huo, lakini wanunuzi wake wengi huanza na rangi na kumalizia na rangi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mama wa kanga: mwili kwanza, viungo baadaye, rangi nyuma yake, na bei baada ya hayo yote.

Hatua ya kwanza: jua rangi ilibadilishiwa wapi

Roboti ikisemwa kwamba imebadilishwa rangi, huenda yanakusudiwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mabadiliko ya kiwandani. Kampuni huchukua kalibu ileile, yaani kile chombo cha chuma ambamo plastiki humiminwa, ikatia plastiki ya rangi nyingine, ikabadilisha michoro na kuiuza roboti kwa jina jipya. Hapo hakuna udanganyifu wowote, kwa kuwa biashara yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1984, Hasbro ya Marekani ilipoanza kuuza Transformers, ilichukua vichezeo ambavyo Takara ya Japani ilikuwa ikiviuza kwa majina ya Diaclone na Micro Change, na ndege moja ya kivita, F-15, ikazaa wahusika watatu kwa mpigo: Starscream wa kijivu, Thundercracker wa buluu na Skywarp mweusi. Gari la Datsun Fairlady likatoa Prowl na Bluestreak mwaka huo huo, kisha Smokescreen mwaka 1985. Mwaka 1996 duma aitwaye Cheetor alipakwa weupe na milia akawa Tigatron, chui milia, jambo ambalo sisi tunaoishi karibu na duma wenyewe tunaruhusiwa kulicheka kidogo. Kuchonga kalibu ya chuma ni gharama kubwa, na kila rangi ya ziada hurudisha sehemu ya gharama hiyo.

La pili ni mabadiliko ya mkononi. Mwenye roboti, au fundi fulani, ameipuliza rangi baada ya kutoka kiwandani, pengine kwa ustadi mkubwa, pengine kwa kuficha nyufa na weupe uliogeuka manjano. Hapa Mombasa roboti za namna hii huonekana zaidi katika vichezeo vya mtumba huko Kongowea, zikiwa zimechanganyika na magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wasio na nywele. Ndiyo, roboti hutoka ndani ya robota, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui alichonacho.

Kutofautisha namna hizi mbili hakuhitaji utaalamu. Mtu anayenunua gari lililotumika lililoshuka bandarini hutazama mpira wa mlango na vichwa vya skrubu, kwa sababu rangi ya kupuliza hurukia mahali ambapo kiwanda kisingeigusa. Fanya vivyo hivyo. Geuza roboti chali, uchungulie ndani ya matundu ya skrubu yaliyo nyuma ya miguu na mikono, kisha ukunje goti na utazame ule upande wa paja unaofichika. Ikiwa plastiki iliyo ndani ya tundu ina rangi ileile ya nje, rangi hiyo imetoka kiwandani, imo ndani ya plastiki yenyewe. Ikiwa ndani ni nyekundu na nje ni nyeusi, na skrubu nayo imekuwa nyeusi, kuna mtu aliyeshika mkebe wa rangi.

Niliwahi kulipa shilingi 600 kwa lori jeusi lililonipumbaza macho. Nilidhani nimempata Scourge wa mwaka 2001, ambaye ni Optimus Prime, lori lililo kiongozi katika Transformers, toleo la mwaka 1995, yule wa upanga, aliyetolewa upya kwa rangi nyeusi. Nilikimbilia kufurahi kabla ya kuchungulia tundu la skrubu. Nilipofika nyumbani, Mji wa Kale, nikawasha taa, nikaona wekundu umejificha katika kila tundu. Yaliyompata bega lake nitayaeleza panapostahili.

Hatua ya pili: chunguza kalibu

Roboti ya kiwandani iliyobadilishwa rangi hurithi uzuri na kasoro zote za ile iliyoitangulia. Ikiwa ya kwanza ilikuwa na miguu isiyosimama, au bawa linaloachia kila unapoliinua, ya pili itakuwa vivyo hivyo, hata ikiwa ya dhahabu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama rangi inapendeza, uliza roboti ya kwanza iliyotoka katika kalibu hiyo ilikuwa ipi na watu waliionaje. Scourge bado hutafutwa na wakusanyaji kwa sababu mwili wa lori lile la mwaka 1995 ulikuwa na viungo vingi na umbo zuri, na weusi ukaupata mwili unaostahili kuvishwa.

Kalibu nayo huchoka. Chuma kinachobana plastiki ya moto maelfu ya mara huanza kulika pembeni, na dalili zake hushikika kwa kidole: ngozi nyembamba ya plastiki inayojitokeza kwenye maungio, mistari ya uso iliyokuwa mikali na sasa imelainika, vijiti vinavyotakiwa kuingia katika matundu yake kwa kubana lakini vinaingia na kutoka kama ufunguo wa kufuli la zamani. Matoleo ya rangi huja baada ya toleo la kwanza, na yale yanayokuja mwisho kabisa ndiyo yaliyo katika hatari zaidi. Ukiweza kuyaweka mawili kando kwa kando, yatazame kwa zamu usoni na vidoleni. Huko ndiko uchovu huonekana mapema.

Tazama pia kama kiwanda kimebadilisha kitu zaidi ya rangi. Mara nyingine roboti hupewa kichwa kipya, silaha mpya au kifua kingine. Toleo la namna hiyo lina hoja ya kununuliwa hata na mtu aliye na la kwanza, ilhali lile lililobadilika rangi tu humtaka ajiulize kama anampenda mhusika huyo au anajaza rafu.

Hatua ya tatu: igeuze yote, mara mbili

Hapa ndipo muda wako mwingi unapofaa kutumika. Roboti ya kugeuka ni mashine ndogo ya bawaba, na bawaba hazionekani katika picha wala kwa kutazama kioo cha duka. Mwombe muuzaji kwa adabu: "Kaka, niruhusu niigeuze hapa hapa mbele yako." Wengi watakubali, na mmoja aliwahi kunijibu, "Igeuze, lakini ukiivunja umeshainunua," sharti ambalo niliona ni la haki. Asiyekubali kabisa, ilhali roboti haimo katika sanduku lililofungwa, amekwisha kukujibu swali ambalo hukumuuliza.

Igeuze kutoka roboti hadi gari, kisha uirudishe. Safari ya kwanza tafuta kinachogoma. Safari ya pili tafuta kinacholegea. Viungo vyake ni vya aina tatu zinazokutwa mara nyingi, na kila kimoja kina ugonjwa wake. Kiungo cha tufe, ambacho ni kichwa cha duara kilichozamishwa ndani ya kikombe, hulegea kwa matumizi. Kikitoka bila kupasuka hurudishwa kwa kusukumwa, na ulegevu wake hutibika kwa tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi, likiachwa likauke kabisa kabla ya kurudisha tufe mahali pake. Kiungo cha meno, kile kinacholia tik tik kikizungushwa, kinatakiwa kusimama katika kila jino. Kikizunguka kimya, meno yamelika, na kwa hilo hakuna dawa ya bei nafuu. Kiungo cha pini hupitishiwa chuma katikati ya plastiki mbili, na ndicho cha kuogopwa zaidi katika mji wetu, kwa sababu hewa ya chumvi haichagui kati ya pini ya kichezeo na bawaba ya dirisha. Chuma kilichoshika kutu huvimba, na kikivimba hupasua plastiki inayokizunguka. Tazama ncha za pini. Doa la rangi ya udongo mwekundu kuzunguka ncha, pamoja na mstari mweupe unaotoka kwenye tundu, ni ufa ulioanza safari.

Kwa roboti iliyopakwa rangi mkononi, ongeza tahadhari. Plastiki za kiungo zimepimwa zikutane kwa nafasi ndogo mno, na tabaka moja la rangi linatosha kuijaza nafasi hiyo. Rangi ikikaukia ndani ya bawaba huwa gundi. Hayo ndiyo yaliyolipata bega la lori langu jeusi: lilikataa kuzunguka, nikaongeza nguvu, na badala ya rangi kuachia, ukaachia ukuta wa plastiki ulioshikilia pini. Fundi mwenye ujuzi huifungua roboti skrubu kwa skrubu, hupaka kila kipande peke yake, na huziacha sehemu zinazosuguana bila rangi. Kwa hiyo ukikunja kiwiko na ukaona plastiki tupu mahali pa msuguano, usilalamike kwamba kazi haikukamilika. Kaifanya mtu anayejua. Ukikuta kiungo kimegoma, usikilazimishe kamwe ukiwa dukani.

Hatua ya nne: plastiki ambazo hazifai kuaminiwa

Kuna matoleo ya rangi ambayo udhaifu wake umo ndani ya rangi yenyewe. Plastiki ya dhahabu iliyotiwa chembechembe za kung'aa, iliyotumika katika baadhi ya vichezeo vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, huoza kutoka ndani hata kama haijawahi kuchezewa. Black Zarak, roboti ya Transformers iliyouzwa Japani, anajulikana sana kwa ugonjwa huo. Sehemu hizo huonekana nzima, zina mawimbi mazuri ya dhahabu, na huvunjika kama biskuti siku ya kwanza unayozikunja. Si kila plastiki yenye chembe za kung'aa iko hivyo, lakini ikiwa ya miaka hiyo, na ikiwa imewekwa kwenye kiungo, inunue kwa nia ya kuitazama tu.

Plastiki angavu nayo ni ngumu kuliko ile ya kawaida na haipindi kwa urahisi. Kwenye dirisha haina neno. Kwenye bawaba, hasa ile inayobanwa na pini ya chuma, hupasuka. Matoleo ya rangi ambayo mwili mzima umefanywa uonekane ndani kama kioo hupendeza sana yakiwekwa kwenye mwanga wa dirishani, na mwanga huo huo wa dirishani ndio unaogeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano, kwa hiyo yaweke mbali na jua yote mawili. Ukitaka kujua manjano hayo yamefika wapi, linganisha kifua na mahali palipokuwa pamefunikwa roboti ikiwa gari.

Zile sehemu za fedha zinazong'aa kama kioo ni tabaka jembamba mno la chuma juu ya plastiki. Zikianza kubambuka hazirudi, na kuzisugua kwa kitambaa kikavu huharakisha mwisho wake.

Hatua ya tano: sasa itazame rangi

Kiwanda nacho hupaka rangi, ila hupaka kidogo, kwa sababu kila eneo linalopakwa lina gharama. Vipande vingi humiminwa pamoja katika mti mmoja wa plastiki, na vyote vilivyo katika mti huo hutoka na rangi moja. Ndiyo maana roboti nyingine hupewa ngumi za kijani bila sababu inayoeleweka: ngumi na magurudumu yalikuwa mti mmoja. Ukilielewa hili utaacha kushangaa na utaanza kuona mahali ambapo wabunifu walihangaika kweli na mahali ambapo walikubali yaishe.

Sehemu ya kuangaliwa kwa makini katika magari ya miaka ya karibuni ni paa na milango. Mara nyingi vipande hivyo humiminwa kwa plastiki angavu, ili madirisha yapatikane humo humo, kisha kinachobaki hupakwa rangi ifanane na boneti. Haifanani daima. Weka gari chini ya mwanga wa nje, si taa ya duka, ulinganishe mlango na boneti. Katika rangi ya machungwa, njano na nyekundu tofauti hujitokeza upesi. Chunguza pia kingo zinazokutana wakati wa kugeuza, maana rangi iliyo juu ya plastiki angavu ikikwaruzwa huacha mstari unaopitisha mwanga, na mstari huo utaongezeka kila unapoigeuza.

Rangi ya mkononi hupimwa kwa njia nyingine. Pitisha kidole: ikiwa ina mafuta au inanata, rangi haikupatana na plastiki ya chini. Hutokea hasa kwenye matairi, vichwa na sehemu nyingine laini, ambapo vilainishi vya plastiki hupanda juu na kuizuia rangi isikauke, na majira ya kaskazi, joto na unyevu vikishikana, roboti ya namna hiyo huokota vumbi lote la nyumba. Kwa idhini ya mwenyewe, kwaruza kidogo kwa ukucha mahali pasipoonekana. Rangi inayobambuka kama ganda la kitunguu ilipakwa bila msasa wala praima. Tazama mistari midogo ya uso. Fundi asiye na subira huijaza rangi mpaka macho na mdomo vikawa kitu kimoja. Usijaribu kuitoa rangi hiyo kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, kwa sababu itayeyusha plastiki ya chini pamoja na rangi. Na ikiwa anayenunuliwa ni mtoto ambaye bado hutia vitu mdomoni, roboti iliyopulizwa rangi isiyojulikana isiingie nyumbani hata ikiwa ya bure.

Hatua ya sita: asili au nakala

Tafuta maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki, kwa kawaida nyuma ya mguu, chini ya gari au ndani ya mkono. Roboti ya asili hutaja Hasbro, au Takara, au Tomy, pamoja na nchi ilikotengenezwa. Takara na Tomy ziliungana mwaka 2006, na kwa hiyo majina hayo mawili yakiwa pamoja kwenye kichezeo kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1980, angalau unajua kwamba kimetolewa upya. Kuanzia mwaka 1985 nyingi zilitiwa kibandiko kinachobadilika kwa joto: ukikisugua kwa kidole gumba, nembo ya kundi la roboti hiyo hujitokeza.

Nakala zina tabia moja inayomsaidia mnunuzi wa roboti zilizobadilishwa rangi: hutoka kwa rangi ambazo kampuni haikuwahi kuzitoa, na mara nyingi kwa ukubwa tofauti, kubwa kuliko asili au ndogo kuliko asili. Maandishi huwa yamefutwa, yakaacha kibao kitupu kilicholainishwa. Sisemi kwamba nakala haina faida. Zipo zilizo imara, na mtoto wa miaka saba hana haja na maandishi ya mguuni. Lakini bei ya nakala ni bei ya kichezeo, na muuzaji akitaja neno "adimu" mbele ya kibao kitupu, mjibu kwa tabasamu.

Hatua ya saba: bei

Anza na bei ya roboti ileile katika rangi yake ya kwanza. Mwaka 2019 roboti mpya za kundi la Deluxe, zenye urefu wa sentimita 14 hivi, ziliuzwa Marekani kwa takriban dola 20, na zile za Voyager, za sentimita 18 hivi, kwa takriban dola 30. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola, Voyager ni shilingi 3,900 kabla ya gharama ya kuisafirisha, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Hesabu hiyo ikupe dari. Roboti iliyotumika, isiyo na sanduku, haina sababu ya kuligusa dari hilo isipokuwa toleo lake lilikuwa la uchache uliothibitishwa.

Kutoka kwenye dari shuka kwa kila upungufu. Silaha ikikosekana, shuka. Ngumi zinazochomekwa zikikosekana, shuka zaidi, kwa sababu roboti bila silaha bado ni roboti, bali bila ngumi ni kilema. Ufa kwenye kiungo cha pini uhesabu kama kiungo kilichokwisha kuvunjika. Rangi ya mkononi, kwa kawaida, hushusha thamani ya kichezeo cha asili, hata ikiwa safi, kwa sababu anayekitafuta anakitaka kama kilivyotoka kiwandani. Inaipandisha tu pale fundi alipoifungua, akaipaka kipande kwa kipande, na wewe ukaipenda kazi yake kwa ajili yake yenyewe. Hapo unalipia ufundi, nawe ulipe bila kumkandamiza mtu kana kwamba ananadi machungwa.

Ikiwa tayari unayo kalibu hiyo katika rangi nyingine, punguza nusu ya hamu yako kabla ya kutaja bei. Mimi hutaja theluthi mbili ya ninachokusudia kutoa, huigeuza roboti mara ya mwisho mbele ya muuzaji, na humwonyesha kila kasoro kwa kidole bila kuongeza neno. Na kabla ya kuhesabu pesa, omba kuliona lile beseni la vipande ambalo huwa chini ya meza, lenye magurudumu, mikono na vijibunduki visivyojulikana vya nani. Silaha iliyopotea mara nyingi imo humo, na ikiwa bado hujalipa, muuzaji ataitupia juu kama nyongeza.